Mfupa wa Ishango na Namba Isiyogawanyika

Sisi makatekista tuliopita seminarini twaulizwa na vijana mambo mengi yasiyo ya katekisimu. Moja la hayo ni habari ya hesabu. Huku kwetu, tangu Butembo hadi Beni, penye wanafunzi na walimu husikika maneno ya namna mbili. Wengine husema: "Hesabu ni elimu ya Wazungu, sisi tumeipokea tu." Wengine hujibu kwa nguvu: "Sivyo! Babu zetu wa Ishango walijua namba tasa kabla ya watu wote wa dunia." Maneno hayo yapingana, lakini yana kasoro moja: ya kwanza na ya pili husemwa bila kupimwa. Basi leo tuyapime. Tutaanzia sokoni, tufike Ishango, kisha twende mbali hadi namba moja kubwa mno iliyopatikana mwaka 2024.

Kwanza tujue namba tasa ni kitu gani. Mama auzaye nyanya sokoni huzipanga kwa mafungu yaliyo sawa. Akiwa na nyanya 12 hana taabu: aweza kufanya mafungu mawili ya sita sita, au matatu ya nne nne. Akiongezewa moja zikawa 13, mambo yamebadilika. Mafungu mawili, moja yabaki. Matatu, moja yabaki. Manne, moja yabaki. Matano, tatu zabaki. Hata ajaribu namna gani, hana njia ila kuziweka zote katika fungu moja au kuzitenga moja moja. Namba ya namna hiyo, ikiwa kubwa kuliko 1, huitwa namba tasa: 2, 3, 5, 7, 11, 13, 17, 19, 23 na kuendelea.

Jina lasema tasa, lakini ajabu ni kwamba hizo ndizo zizaazo nyingine zote. Chukua 60: ni 2 mara 2 mara 3 mara 5. Kila namba kubwa kuliko 1, kama si tasa yenyewe, imejengwa kwa namba tasa zilizozidishwa pamoja, na kwa kila namba kuna namna moja tu ya kuijenga. Ndizo matofali ya nyumba nzima ya hesabu.

Je, matofali hayo yana mwisho? Mgiriki Euclid, yapata miaka 300 kabla ya Kristo, alionyesha kwamba hayana. Zidisha pamoja namba tasa zote unazozijua, kisha ongeza 1. Namba utakayopata, ukiigawa kwa yo yote ya zile za kwanza, hubakiza 1. Basi ama yenyewe ni tasa, ama imejengwa kwa namba tasa usizokuwa nazo. Mfano: 2 mara 3 mara 5 mara 7 mara 11 mara 13 ni 30,030. Ongeza 1, yawa 30,031, nayo ni 59 mara 509. Hizo mbili ni tasa mpya, hazikuwamo katika hesabu yako. Kwa hiyo hata mtu akipata namba tasa kubwa namna gani, iko nyingine kubwa kuliko hiyo.

Sasa twende Ishango. Mahali hapo pako katika Teritwari ya Beni, ndani ya Hifadhi ya Virunga, pale mto Semliki utokapo katika Ziwa Edward na kuanza safari yake kwenda kaskazini. Mwaka 1950, siku za utawala wa Ubelgiji, mtaalamu wa miamba Jean de Heinzelin de Braucourt alichimba huko. Alikuta mabaki ya watu wa kale walioishi kwa uvuvi, pamoja na vyusa vyao vya mfupa vyenye meno. Katika vitu hivyo kulikuwa na mfupa mdogo wa rangi ya kahawia, urefu wake kama sentimita 10, wenye kipande cha jiwe la kwatzi kilichopachikwa kwenye ncha moja. Mfupa huo ulipelekwa Bruxelles, na huko umehifadhiwa katika Taasisi ya Kifalme ya Sayansi ya Viumbe na Maumbile. De Heinzelin alidhani kwanza kwamba ni wa kati ya miaka 9,000 na 6,500 kabla ya Kristo. Vipimo vya baadaye vimeonyesha kwamba ni wa kale zaidi sana, miaka 20,000 hivi au kupita.

Kilichowashangaza wataalamu si kwatzi, ni alama. Mfupa umechanjwa chale fupi fupi zilizopangwa kwa makundi, katika safu tatu. Safu moja ina makundi ya chale 11, 13, 17 na 19. Ya pili ina 11, 21, 19 na 9. Safu ya katikati ina 3 na 6, 4 na 8, 10 na 5, kisha 5 na 7. Jumlisha safu ya kwanza, wapata 60. Jumlisha ya pili, wapata 60 tena. Ya katikati ni 48.

Tazameni safu ya kwanza: 11, 13, 17, 19. Hizo ni namba tasa zote zilizo kati ya 10 na 20, hakuna iliyokosekana wala iliyozidi. De Heinzelin mwenyewe aliona jambo hilo, na mwaka 1962 aliandika habari za Ishango katika gazeti moja la sayansi la Marekani. Tangu hapo sifa ya mfupa imeenea duniani pote.

Je, basi tuseme kwamba mchonga chale alijua namba tasa? Hapa yatupasa kwenda polepole. Ili mtu aseme "13 ni tasa", lazima awe amefikiri habari ya kugawanya, akajaribu, akaona haikubali. Chale nne peke yake hazionyeshi kwamba alifanya hivyo. Tena safu ya pili ina 21, ambayo ni 3 mara 7, na 9, ambayo ni 3 mara 3. Hizo si tasa. Safu hiyo yafaa kusomwa namna nyingine: 10 na 1, 20 na 1, 20 pasipo 1, 10 pasipo 1. Safu ya katikati yaonekana kama kuongeza mara mbili: 3 hata 6, 4 hata 8, 5 na 10. Alexander Marshack, aliyeuchunguza mfupa kwa hadubini, alisema kwamba ni hesabu ya siku za mwezi wa angani. Maana 60 ni karibu na miezi miwili, na 48 ni mwezi mmoja na nusu na zaidi kidogo. Wengine husema chale zilikuwa za kuzuia mkono usiteleze. Wala hakuna ajuaye watu wale walisema lugha gani, wala kama damu yao imo ndani yetu.

Basi lililothibitika ni hili: zamani za kale, mahali petu hapa, mtu alichonga chale kwa makundi, na makundi yenyewe yana utaratibu. Hilo peke yake latosha kumnyamazisha asemaye kwamba hesabu ililetwa kwetu kwa meli. Lakini kumvika mchonga chale yule elimu ambayo mfupa wake hauishuhudii si kumheshimu. Ni kumfanya awe shahidi wa maneno yetu wenyewe.

Tena kuna jambo zuri zaidi. Awe alijua au hakujua, namba zake nne ni tasa. Zilikuwa tasa kabla hajazaliwa, na zitakuwa tasa hata mfupa ukioza. Tabia ya namba haitegemei mtu. Nazo zaweza kutufikisha kwenye ile namba kubwa tuliyoitaja mwanzoni.

Chukueni maharage. Wekeni fungu la kwanza punje 1, la pili punje 2, la tatu 4, la nne 8, la tano 16, kila fungu mara mbili ya lililotangulia. Sasa hesabuni punje zote. Mafungu mawili yana punje 3, matatu 7, manne 15, matano 31, sita 63, saba 127. Njia fupi ni hii: fungu ambalo lingefuata, ondoa punje moja. Baada ya matano lingefuata la 32, basi jumla ni 31.

Katika hesabu hizo, 3, 7, 31 na 127 ni tasa, lakini 15 na 63 si tasa. Sababu yake yaonekana kwa macho. Mafungu sita yaweza kuunganishwa mawili mawili: 1 na 2 ni 3, 4 na 8 ni 12, 16 na 32 ni 48. Kila jozi yagawanyika kwa 3, basi jumla yote yagawanyika kwa 3. Vivyo hivyo mafungu tisa ukiyaunganisha matatu matatu wapata 7, 56 na 448, zote zagawanyika kwa 7. Kwa hiyo idadi ya mafungu isipokuwa tasa, jumla ya punje haiwezi kuwa tasa.

Je, idadi ya mafungu ikiwa tasa, jumla ni tasa daima? Mtu angependa kujibu ndiyo. Sasa namba za Ishango zitufundishe. Fanya mafungu 11: jumla ni 2,047, nayo ni 23 mara 89. Si tasa! Fanya mafungu 13: jumla 8,191, tasa. Mafungu 17: 131,071, tasa. Mafungu 19: 524,287, tasa. Mwitalia Pietro Cataldi ndiye aliyehakikisha hizo mbili za mwisho mwaka 1588. Kati ya namba nne za mfupa, tatu zakubali na moja yakataa, na iliyokataa ni ile ya kwanza kabisa. Nani angalijua pasipo kujaribu?

Mwaka huo huo wa 1588 alizaliwa Ufaransa mtu ambaye jumla hizi zimepewa jina lake, Padri Marin Mersenne, mtawa wa shirika la Waminimi. Aliishi Paris, akiandikiana barua na wenye elimu wa siku zake, kama Descartes na Fermat, akipokea mawazo ya huyu na kuyapeleka kwa yule. Mwaka 1644 alitangaza orodha: idadi ya mafungu hadi 257 ambazo jumla zake ni tasa, yaani 2, 3, 5, 7, 13, 17, 19, 31, 67, 127 na 257. Alikuwa mtu mwenye sifa, na watu waliichukua orodha yake kwa heshima. Lakini hakuwa na njia ya kuzipima zile kubwa.

Miaka ilipita. Mwaka 1883 padri wa Kanisa la Kiorthodoksi huko Urusi, Ivan Pervushin, alionyesha kwamba 61 yafaa, nayo Mersenne hakuiandika. Mwaka 1903, katika mkutano wa wanahesabu wa Marekani, Frank Nelson Cole alikwenda ubaoni akafanya hesabu pasipo kusema neno. Upande mmoja aliandika jumla ya mafungu 67, ambayo ni 147,573,952,589,676,412,927. Upande wa pili akazidisha 193,707,721 kwa 761,838,257,287. Majibu yalikuwa sawa. Basi 67 ikatoka katika orodha, kisha na 257 ikatoka. Zikaingia 61, 89 na 107. Mwaka 1947 orodha yote hadi 257 ilikuwa imesahihishwa. Namba hizo zaitwa za Mersenne hata leo. Hakuna aliyemvunjia heshima padri yule kwa kumsahihisha, na heshima yake haikuligeuza kosa kuwa kweli.

Labda mtu atauliza: namba kubwa kama hizo hupimwaje? Kuijaribu 2,047 si kazi. Wagawanya kwa namba tasa moja moja kutoka 2, na ufikapo 23 umepata. Lakini jumla ya mafungu 127 ina tarakimu 39, na maisha ya mtu hayatoshi. Mfaransa Édouard Lucas aliihakikisha mwaka 1876 kwa njia aliyoivumbua, ambayo baadaye Mmarekani Derrick Lehmer aliifanya nyepesi zaidi. Njia ni hii. Anza na 4. Izidishe yenyewe, ondoa 2, gawanya kwa namba unayoipima, ushike baki. Baki hilo lizidishe lenyewe, ondoa 2, gawanya, ushike baki tena. Fanya hivyo mara chache kuliko idadi ya mafungu kwa mbili. Baki la mwisho likiwa sifuri, namba ni tasa. Kama si sifuri, si tasa.

Tujaribu 31, yenye mafungu matano. Basi twarudia mara tatu. 4 mara 4 ni 16, ondoa 2, ni 14. 14 mara 14 ni 196, ondoa 2, ni 194. Gawanya kwa 31, baki 8. 8 mara 8 ni 64, ondoa 2, ni 62. Gawanya kwa 31, baki sifuri. Imekubali. Ukifanya hivyo kwa 2,047, baada ya mara tisa wabaki na 1,736. Imekataa. Angalieni ajabu yake: kipimo chatuambia kwamba 2,047 yagawanyika, lakini hakitaji 23 wala 89.

Kwa kipimo hicho hicho, lakini kwa nguvu za kompyuta, ilihakikishwa namba tuliyoiahidi. Mwezi Oktoba 2024 Mmarekani Luke Durant alipata kwamba mafungu 136,279,841 yana jumla iliyo tasa. Alifanya kazi pamoja na chama cha watu wa nchi nyingi watafutao namba za Mersenne kwa kompyuta zao, kilichoanzishwa mwaka 1996 na George Woltman. Ilipotangazwa, hakuna mtu aliyejua namba tasa kubwa kuliko hiyo.

Ukubwa wake haupimiki kwa maharage. Ina tarakimu 41,024,320. Mtu akiiandika tarakimu moja kila sekunde, mchana na usiku bila kulala, atamaliza baada ya siku 475 hivi. Akitia tarakimu 900 katika kila ukurasa, atajaza madaftari 456 ya kurasa 100. Hata hivyo twaweza kuijua tabia yake bila kuiandika. Yaishia na tarakimu gani? Mbili ikizidishwa kwa mbili daima huishia na 2, 4, 8, 6, kisha yarudi 2, 4, 8, 6. Gawanya 136,279,841 kwa 4: baki ni 1. Basi fungu ambalo lingefuata laishia na 2. Ondoa punje moja, namba yetu yaishia na 1. Mtoto wa shule aweza kulijua hilo kwa kalamu yake.

Tena namba hiyo yazaa nyingine. Wahenga wa Ugiriki waliziita timilifu namba zilizo sawa na jumla ya vigawanyo vyao: 6 ni 1 na 2 na 3, 28 ni 1 na 2 na 4 na 7 na 14. Mtakatifu Augustino, katika kitabu chake cha Mji wa Mungu, aliutaja utimilifu wa 6 alipoeleza siku sita za uumbaji. Euclid alionyesha kwamba jumla ya mafungu yetu ikiwa tasa, ukiizidisha kwa fungu la mwisho wapata namba timilifu: 3 mara 2 ni 6, 7 mara 4 ni 28, 31 mara 16 ni 496. Namba ya mwaka 2024 yaleta namba timilifu yenye tarakimu 82,048,640.

Labda mfanyabiashara wa Butembo atauliza: yafaa nini? Tumjibu kwa haki. Namba tasa zenye tarakimu mamia hufanya kazi kila siku. Tangu mwaka 1977 watu wamejua kufunga siri za barua na fedha kwa kuzidisha namba mbili za namna hiyo, kwa kuwa kuzidisha ni rahisi, lakini kurudi nyuma na kuzitenganisha ni kazi ngumu kupita kiasi. Lakini hii yenye tarakimu milioni 41 haifungi fedha ya mtu. Utafutaji wake hujaribu uimara wa kompyuta na kufundisha njia mpya za kuzidisha haraka. Zaidi ya hayo, watu waliitafuta kwa kuwa walitaka kujua.

Na kujua kwa namna hii hakumtegemei mkubwa wala wa mbali. Yule asemaye kwamba hesabu ni ya Wazungu na atuonyeshe ni kabila gani lamiliki 13. Yule ajivuniaye mfupa wa Ishango na afanye zaidi ya kujivuna: achukue namba zake azifanyie kazi. Twatoa shauri hili kwa wazazi na walimu wa Butembo na Beni. Mpeni mtoto daftari na kalamu, mwambieni apime 8,191, jumla ya mafungu 13. Haimpasi kujaribu kila namba. Kama yagawanyika, kigawanyo kimoja lazima kiwe chini ya 91, kwa kuwa 91 mara 91 yapita 8,191. Kutoka 2 hadi 89 namba tasa ni 24 tu. Migawanyo 24, kazi ya jioni moja. Akimaliza na kuona kila mmoja umebakiza kitu, atajua kwa hakika kwamba 8,191 ni tasa, na hatakuwa amelipokea neno hilo kwa Mersenne, wala kwa Bruxelles, wala kwetu.